Garimoshi la Mombasa kwa Skeli ya 1:87

Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, imeegeshwa injini namba 5918, Mount Gelai. Wageni wengi huitazama kwa kuinua shingo, na si ajabu: boila yake ina kipenyo cha karibu mita 2.3, ilhali reli zinazoibeba zimeachana mita 1 tu. Lakini aliyekwenda pale kwa nia ya kuiunda upya, iwe ndogo ya kukaa mezani, afanye kinyume. Achuchumae ubavuni, usawa wa katikati ya injini, atazame chini ya boila. Hakuna gurudumu, hakuna ekseli, hakuna silinda. Macho yanapita moja kwa moja hadi upande wa pili.

Uwazi huo ndio Garratt yenyewe. Herbert William Garratt alikuwa mhandisi Mwingereza, na injini za kwanza za muundo wake zilijengwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1909, kwa ajili ya kisiwa cha Tasmania. Badala ya kukalisha boila juu ya magurudumu, aliilaza kwenye fremu inayoshikwa ncha mbili, kama machela inayobebwa na watu wawili. Mbele kuna seti ya magurudumu na tangi la maji. Nyuma kuna seti nyingine na tangi la mafuta. Kwa kuwa chini ya boila hakuna kinachoizuia, inaweza kunenepa na kushuka, na tanuri la moto likapata kina na upana. Na kwa kuwa kila seti hugeuka peke yake, dude la mita 31 na ushei hupita kona za reli nyembamba bila kung'oa kitu.

Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliagiza injini 34 za aina hii, daraja la 59, zikaingia kazini kuanzia mwaka 1955. Zilipewa majina ya milima yetu: 5901 ikawa Mount Kenya, 5928 Mount Kilimanjaro, na ya mwisho, 5934, Menengai Crater. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Kwenye reli za geji ya mita, hakuna injini ya mvuke iliyozizidi ukubwa wala nguvu popote duniani.

Turudi mezani. Nimeona modeli za Garratt zilizoundwa na watu wenye mikono hodari, ribiti zote zikihesabika, namba zimeandikwa kwa unadhifu, kisha mota ya umeme imesukumiwa palepale chini ya boila kwa sababu ndipo palipoonekana kuwa na nafasi. Ukiiweka dirishani, mwanga haupiti. Mtu ambaye hajawahi kusikia jina la Garratt hataweza kukwambia kasoro iko wapi, ila ataona kwamba injini imekaa kizitokizito, imepoteza ule mtundiko wake. Mahali pa mota ni ndani ya matangi, moja katika tangi la mbele na nyingine katika la nyuma. Ni kazi ngumu zaidi, na nyaya lazima zipite kwenye viungo vinavyogeuka, lakini bila hivyo unayoiunda ni injini nyingine.

Mota mbili zina faida ya pili, ambayo wengi huigundua kwa bahati. Katika injini halisi, seti ya mbele na ya nyuma haziunganishwi na kitu isipokuwa mvuke unaotoka boila moja. Kila seti hutoa mapigo manne ya moshi kwa kila mzunguko wa magurudumu, na yote hutokea kwenye bomba moja. Seti zikienda sambamba unasikia mapigo manne mazito. Moja ikitangulia kidogo, mapigo yanaanza kugongana, yanatawanyika hadi kuwa manane mepesi, kisha taratibu yanarudi kukutana. Waliokulia kando ya reli Changamwe au Voi waliijua Garratt kwa masikio kabla ya kuiona. Modeli yenye mota moja na fimbo ndefu ya kuzungusha seti zote mbili hufunga magurudumu yaende sawa daima. Yenye mota mbili hupishana yenyewe, kwa sababu hakuna mota mbili zinazofanana kabisa.

Sasa hesabu, na hapa ndipo watu wa kwetu hukwama mapema. Vifaa vingi vya treni ndogo vinavyouzwa duniani ni vya skeli ya 1:87, iitwayo HO, na reli zake zina upana wa milimita 16.5. Zidisha kwa 87 upate milimita 1,435, yaani geji ya kawaida ya Ulaya, China na Marekani. Ndiyo geji ya reli zetu mpya za SGR, ya Kenya na ya Tanzania. Kwa hiyo anayetaka kuunda treni ya SGR kama Madaraka Express ananunua njia dukani na kuanza kazi siku hiyohiyo. Anayetaka reli ya zamani hana bahati hiyo. Mita 1 ukiigawanya kwa 87 unapata milimita 11.5. Ukiiweka Mount Gelai juu ya njia ya milimita 16.5, umeipanua karibu nusu ya upana wake, na lile ajabu la boila nene juu ya reli nyembamba limekwisha.

Msaada unatoka Uswisi. Kule milimani kuna reli nyingi za geji ya mita, ikiwemo mtandao wa Rhätische Bahn, na kampuni kama Bemo ya Ujerumani hutengeneza treni hizo kwa 1:87 juu ya njia ya milimita 12. Kwa vipimo halisi hiyo ni milimita 1,044, yaani nyongeza ya sentimita nne na nusu hivi. Mezani ni nusu milimita. Hilo mimi nalisamehe. Mwenye bustani na fedha anaweza kwenda kwenye skeli ya 1:22.5, ambako njia ya milimita 45 inakaribia sana mita kamili, lakini ajue kwamba injini peke yake itakuwa na urefu wa mita 1.4.

Kwa 1:87 Mount Gelai inatoka na sentimita 36.5. Tuseme mabehewa 14 ya mita 18 kila moja: sentimita 21 mara 14, ongeza injini, na treni nzima inapita mita 3.2. Meza ya chakula ya nyumba ya kawaida haitoshi hata kwa treni iliyosimama. Kona ndiyo taabu zaidi. Kona ya nusu kipenyo cha mita 200, ambayo kwa reli halisi ni kali, ikipunguzwa inakuwa mita 2.3, na vyumba vyetu vingi havina nafasi yake. Kila anayeunda modeli hukunja kona kuliko ukweli. Cha kufanya ni kuzificha kona hizo nyuma ya kilima au ukuta, na kuacha mbele ya macho sehemu iliyonyooka au yenye kona pana.

Reli zenyewe nazo hupimwa. Njia ya Mombasa hadi Nairobi ilitandikwa upya kwa reli nzito za ratili 95 kwa yadi ili ziweze kubeba tani 21 kwa kila ekseli ya daraja la 59. Reli kama hiyo ina kimo cha sentimita 14 hivi, sawa na milimita 1.6 kwa skeli yetu. Reli za dukani aghalabu zina kati ya milimita 1.9 na 2.5. Ile ya milimita 2.5 ni sawa na reli yenye kimo cha sentimita 22, ambayo haikuwahi kutandikwa Voi wala Mtito Andei. Mataruma nayo yaangaliwe: tangu reli ilipojengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 hadi kufika Kisumu, ziwani, mwaka 1901, sehemu kubwa ilitandikwa juu ya mataruma ya chuma, kwa kuwa mchwa hawakuacha mbao salama. Ukitumia yale ya plastiki yaliyochorwa mistari ya mbao za Ulaya, umeweka msitu wa Ujerumani katikati ya Tsavo.

Kabla ya kukata kipande cha kwanza cha bati la shaba au plastiki, chagua mwaka. Ningesema hata mwezi, lakini tusitishane. Bomba la moshi peke yake linaweza kukuumbua. Injini za daraja la 59 zilikuja na bomba la duara. Baadaye zilifungwa mtambo wa kutolea moshi uliobuniwa na Adolph Giesl-Gieslingen wa Austria, na bomba likawa jembamba na refu kwa kulitazama kutoka juu, lenye umbo la mstatili. Ukiona bomba la duara uko miaka ya mwanzo. Ukiona la mstatili umesogea mbele. Ndugu zake wadogo, daraja la 60, walipewa majina ya magavana wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na vibao hivyo viling'olewa baada ya uhuru. Kibao cha gavana pembeni ya bendera ya jamhuri ni kichekesho, na kuna siku utaletewa mgeni atakayekicheka.

Na usiweke makaa. Hili nalirudia kwa kila kijana anayeniletea picha ya kazi yake. Filamu na vitabu vya watoto vimetufundisha kwamba garimoshi lazima liwe na rundo jeusi nyuma na mtu mwenye koleo. Reli ya Uganda, kama reli hii ilivyoitwa mwanzoni, ilichoma kuni kwa miaka mingi, lakini daraja la 59 lilizaliwa likichoma mafuta mazito. Kwa hiyo nyuma kuna tangi lililofunikwa, lenye mfuniko wa kujazia, na mchirizi mweusi unaong'aa pale mafuta yalipomwagika. Mchirizi huo, kwa rangi nyeusi yenye kung'aa kidogo, mstari mmoja au miwili, hufanya kazi kuliko ribiti mia.

Je, daraja la 59 ni injini sahihi kwa treni ya abiria? Ndiyo, lakini kwa tahadhari. Lililolileta ni mlundikano wa mizigo katika bandari ya Mombasa baada ya vita. Lilijengwa kuvuta tani 1,200 kwenye mwinuko wa asilimia 1.5. Abiria lilivuta pia, ila mzigo ndio uliokuwa mkate wake. Anayetaka kulifungia treni ya barua, yaani ile ya abiria ya Mombasa, atafute picha ya siku hiyo, aone injini gani ilikuwa mbele na mabehewa gani yalifuata. Michoro ya kiwandani ipo: kumbukumbu za Beyer, Peacock zimehifadhiwa katika makumbusho ya sayansi na viwanda ya Manchester. Lakini mchoro hukuambia kilichokusudiwa. Picha hukuambia kilichokuwepo, pamoja na taa iliyohamishwa na ngazi iliyopinda.

Tufike kwenye mabehewa. Tatizo kubwa la modeli za treni za abiria, na si za Afrika Mashariki tu, ni kwamba mtu hutumia mwaka mzima kwenye injini na wikendi moja kwenye mabehewa. Halafu huweka mabehewa matatu ya daraja la kwanza, moja la mkahawa lenye taa za mezani, na kuita hiyo treni ya Mombasa. Treni ya Mombasa ilikuwa na madaraja matatu, na kwa desturi za ukoloni kila daraja lilijulikana ni la nani: la kwanza la Wazungu, la pili la Wahindi hasa, la tatu la Waafrika. Madaraja mawili ya juu yalikuwa na vitanda. Daraja la tatu lilikuwa na mabenchi, watu wakikaa bega kwa bega usiku kucha, na mizigo popote ilipoingia. Kuliacha daraja la tatu kwa sababu halipendezi, au kwa sababu hakuna anayeuza vipande vyake, ni kuondoa watu wengi waliokuwa ndani ya treni hiyo.

Picha za daraja la tatu zilizo wazi ni adimu. Waliokuwa na kamera walisimama upande wa injini, na mabehewa yakaishia kuwa ukungu pembeni mwa picha. Kwa hiyo ukipata behewa kuukuu lililoegeshwa mahali, omba ruhusa, chukua futi, pima kila kitu: umbali kati ya madirisha, kimo cha mlango kutoka kwenye ngazi, urefu wa bogi, nafasi ya masanduku ya betri chini ya sakafu. Piga picha ukiwa umeweka rula ndani yake, ili baadaye kompyuta ikusaidie kupima usichofikia. Kisha watafute wastaafu wa reli. Muthurwa, jijini Nairobi, kulikuwa na nyumba zao, na watoto wao wako mji mzima. Usiulize mzee behewa lilikuwa na urefu gani, hatajua na hakuna sababu ajue. Muulize: mzee, mlango ulifunguka upande gani? Mtu akitaka hewa, dirisha alilishusha au alilipandisha? Gadi alikaa wapi? Majibu ya maswali hayo ndiyo yasiyoandikwa kwenye mchoro wowote.

Ndani ya behewa lazima kuwe na kitu. Madirisha ya daraja la tatu yalikuwa wazi usiku wa joto la pwani, na jicho linaingia. Watu wa skeli hii wana kimo cha milimita 20, na wanaouzwa tayari ni Wajerumani waliovaa makoti. Wapake rangi upya kwa subira: kanga hutoka vizuri kwa kufunika kiuno cha mwanamke kwa kipande cha karatasi ya sigara kilicholowanishwa gundi, kanzu ni tabaka moja la plastiki laini hadi kifundo cha mguu. Wakae. Wenye watu waliosimama tu huwakata miguu ili watoshe kwenye benchi, kazi ya kikatili kidogo lakini haionekani kutoka nje.

Taa ziwe hafifu na za manjano. Mabehewa ya enzi hizo yalipata umeme kutoka kwenye dainamo iliyozungushwa na mkanda wa ekseli, pamoja na betri; mwanga wake haukufanana na LED nyeupe ya simu. Na taa hizi zina umuhimu kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu treni ya barua ilikuwa ya usiku. Iliondoka jioni ikafika asubuhi. Nimeona kazi nyingi zinazoonyesha treni ya abiria ya Mombasa ikikata Tsavo adhuhuri, tembo pembeni, jua utosini. Abiria wa treni hiyo walipita Tsavo wakiwa wamelala, na tembo hawakumwona mtu. Ukitaka mchana, una nafasi mbili: mwanzo wa safari, treni ikipanda Mazeras jua likizama mbele yake, au mwisho, kwenye tambarare za Athi alfajiri. Ukiing'ang'ania Tsavo, weka giza, washa madirisha, na tembo waonekane kwa shida. Ni kazi nzuri zaidi, kwa maoni yangu, na hata kona zilizobanwa hazitaonekana.

Rangi ya daraja la 59 ni maruni, nyekundu iliyoelekea zambarau. Ukichanganya rangi ileile ya injini halisi na kuipaka kwenye modeli, itaonekana nyeusi mno, maana kitu kidogo kilicho karibu na macho hakina hewa ya kuifanya rangi ipauke. Ongeza kijivu chepesi kidogokidogo, na ufanye majaribio chini ya taa ileile ambayo modeli itaishi nayo.

Juu ya rangi huja vumbi, na vumbi lina anwani. Voi na Tsavo udongo ni mwekundu, ule unaowafanya tembo wa huko waonekane wamechovywa. Karibu na Athi udongo unageuka mweusi, ule wa pamba unaokwamisha magari wakati wa mvua. Treni inayoingia Nairobi asubuhi imebeba udongo wa aina zote mbili, mwekundu ndani ya mikunjo na mweusi juu yake karibu na magurudumu. Hakuna unga wa dukani unaoshinda udongo wenyewe. Chota kiganja kimoja, ukaushe, uupepete kwa kitambaa cha soksi ya nailoni hadi uwe laini kama poda. Kisha, kabla haujakaribia treni, pitisha sumaku juu yake mara kadhaa. Udongo mwekundu una chuma, na chembe zitakazoruka kwenye sumaku zingeruka kwenye mota, ambayo nayo ni sumaku, na injini ingekufa ndani ya wiki.

Mwendo una hesabu yake. Treni inayokwenda kilomita 72 kwa saa, kwa skeli yetu inakwenda sentimita 23 kwa sekunde. Injini nzima inapita mbele ya mlingoti katika sekunde moja na nusu. Watoto watataka mara tatu ya hapo. Weka kikomo kwenye kidhibiti kabla hawajafika.

Kazi ikikamilika, ipime kwa picha. Chukua simu, ishushe hadi kimo cha macho ya yule mtu wa milimita 20, piga kutoka pembe ileile ya picha ya zamani uliyoitumia, kisha zigeuze zote mbili kuwa nyeusi na nyeupe na uziweke kando kwa kando. Makosa ambayo macho yalikuwa yamezoea yatajitokeza. La kwanza, karibu kila mara, ni pengo kati ya mabehewa: viungo vya dukani huyaacha mbali ili yasigongane kwenye kona, na treni inaonekana imekatikakatika. Kuna viungo vyenye mtambo mdogo wa kusogea, vinavyoyabana mabehewa kwenye njia iliyonyooka na kuyaachanisha kwenye kona. Ni ghali kidogo na huhitaji kufungwa kwa uangalifu, sanduku lake likae sawasawa katikati ya sakafu ya behewa, vinginevyo behewa la nyuma litatoka kwenye reli kila likirudishwa kinyumenyume.